Apimwe Sukari Kabla ya Kuvuka Bahari

Mtu akisimama asubuhi katika bandari ya Malindi, Unguja, haimchukui muda kumtambua mgonjwa anayepelekwa Dar es Salaam. Hutembea polepole kuliko wenziwe, amezungukwa na jamaa wawili watatu, na mmoja wao ameikumbatia bahasha kubwa kama aliyeshika hati ya nyumba. Ndani ya bahasha hiyo mna picha ya kifua, karatasi ya mapigo ya moyo, maelezo ya daktari na barua ya rufaa. Safari ya boti ni ya saa mbili hivi. Baada yake, Mungu akijaalia na nafasi ikipatikana, mgonjwa huyo atafunguliwa kifua na moyo wake utatengenezwa.

Leo twapenda kuuliza jambo moja tu juu ya bahasha hiyo. Je, mna humo karatasi inayosema sukari katika damu ya mgonjwa ilikuwaje, si asubuhi ya leo peke yake, bali katika miezi mitatu iliyopita? Na atakaporudi kwao, awe wa Makunduchi au wa Micheweni, ni nani atakayeendelea kuipima?

Swali hili laweza kuonekana dogo mbele ya jambo zito kama kupasuliwa moyo. Sisi twaona si dogo hata kidogo. Zipo hesabu za hospitali kubwa za ng'ambo, zilizokusanywa kwa miaka mingi, zinazoonyesha kwamba mgonjwa aliyepasuliwa vizuri na mikono hodari aweza kupotea siku kadhaa baadaye kwa sababu sukari yake iliachwa ipande, na kwamba mwengine aweza kupotea kwa sababu iliteremshwa kwa pupa. Katika visiwa vyetu, ambako kumpeleka mtu mmoja kupasuliwa ni mzigo kwa Serikali na ni mzigo kwa ukoo mzima, jambo hili halifai kuachwa lijiendeshe lenyewe.

Watu wengi huyahesabu maradhi ya moyo na maradhi ya sukari kuwa ni mambo mawili yasiyojuana. Siku za kliniki ni mbalimbali, kadi ni mbalimbali, na pengine hata madaktari ni mbalimbali. Lakini ndani ya mwili wa mtu mambo hayo hayakugawanyika hivyo. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huiharibu mishipa ya damu, ikiwamo ile midogo inayoulisha moyo wenyewe. Ndiyo maana katika hospitali za Ulaya na Marekani kiasi cha thuluthi moja ya wanaopasuliwa kwa ajili ya mishipa ya moyo iliyoziba huwa ni watu wenye kisukari. Tena kisukari kina hila moja mbaya: huua hisia za neva, hata mtu akaweza kupatwa na shambulio la moyo bila ya kusikia yale maumivu makali ya kifua ambayo humkimbiza mwenziwe hospitali. Mtu wa namna hiyo hufika kwa daktari amechelewa, na hufika akiwa na maradhi mawili.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba habari hii ni ya wenye kisukari tu. Mwili wowote ukipatwa na mshtuko mkubwa hujiandaa kama kwamba umevamiwa. Homoni za hatari, kama vile adrenalini na kotisoli, humwagika katika damu. Ini hutoa sukari iliyoihifadhi na kutengeneza nyengine mpya. Na insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari mlango iingie katika nyama za mwili, hukuta milango mizito. Hakuna mishtuko mingi inayoshinda ule wa kupasuliwa moyo. Kifua hupasuliwa katikati ya mfupa wa kidari. Katika aina nyingi za upasuaji huo damu hutolewa nje ya mwili na kupitishwa katika mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, mashine ambayo John Gibbon alifanikiwa kwayo kwa mara ya kwanza mjini Philadelphia mwaka 1953. Mwili mara nyingi hupozwa. Baadaye, moyo unapoanza tena kupiga, huenda ukasaidiwa kwa dawa za jamii ya adrenalini, nazo pia hupandisha sukari. Kwa hiyo hata kijana asiyewahi kuwa na kisukari, aliyepelekwa kwa sababu vali za moyo wake zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi iliyoanzia katika maumivu ya koo ya utotoni, aweza kuonekana usiku ule na sukari ya milimoli 12 au 14 kwa lita. Mwenye kisukari naye huanza safari hiyo akiwa tayari yuko juu.

Madhara yake ni nini? Sukari ikizidi, chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, huwa wazito wa kuwakamata na kuwaua vijidudu. Ikipita kiasi cha milimoli 10 hivi, figo hushindwa kuizuia, nayo hutoka na mkojo ikiyavuta maji ya mwili pamoja nayo. Jeraha hupona polepole. Na jeraha tunalolisema si la kuchezewa. Kidari kilichopasuliwa hufungwa kwa nyuzi za chuma, na chini yake, karibu kabisa, upo moyo wenyewe. Vijidudu vikiingia hapo, mgonjwa hurudishwa katika chumba cha upasuaji, kifua hufunguliwa upya na kusafishwa, na siku za kulala hospitali hugeuka kuwa wiki na miezi. Wapo wasiotoka. Aliyepandikizwa mshipa uliotolewa mguuni ana jeraha la pili, la mguu, nalo kwa mwenye kisukari lina shida zake.

Katika mji wa Portland, jimbo la Oregon, Marekani, daktari Furnary na wenzake walichapisha mwaka 1999 hesabu ya wagonjwa 2,467 wenye kisukari waliopasuliwa moyo. Wale wa mwanzo walikuwa wakipigwa sindano za insulini chini ya ngozi, kila baada ya saa kadhaa, kwa kufuata kipimo. Waliofuata walipewa insulini kwa dripu ya mshipa, kidogo kidogo bila ya kukatika. Uambukizo wa ndani wa jeraha la kidari ulipungua kutoka wagonjwa 2 katika kila mia hadi chini ya mmoja, yaani 0.8 kwa mia. Wagonjwa wale hawakugawanywa kwa kura. Kundi moja lilitangulia na jengine likafuata, na katika muda huo huenda na mambo mengine yaliboreka. Hata hivyo wapasuaji wengi walianza kuitazama sukari kwa jicho jengine.

Halafu ukaja mwaka 2001. Huko Leuven, Ubelgiji, Bibi Greet Van den Berghe, daktari wa wagonjwa mahututi, aliwagawa kwa kura wagonjwa 1,548 waliotoka katika upasuaji, na wengi wao, kama sita katika kila kumi, walikuwa wamepasuliwa moyo. Nusu walitibiwa kwa desturi ya siku zile, sukari ikaachwa ifike milimoli 10 hadi 11. Nusu ya pili walipewa insulini kwa ukali ili sukari yao ishuke na kukaa baina ya 4.4 na 6.1, kama ya mtu mzima wa afya. Waliokufa ndani ya chumba cha mahututi walikuwa 8 kwa mia katika kundi la kwanza, na 4.6 kwa mia katika la pili. Habari hiyo ilienea kama moto wa makuti. Kila hospitali yenye uwezo ilitaka kuishusha sukari hadi chini, tena upesi.

Hapa ndipo twapenda wasomaji wetu watulie kidogo, kwani mafunzo yaliyofuata ni mazito kuliko sifa za mwanzo. Mwaka 2007 madaktari wa Mayo Clinic, Rochester, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 400 wa upasuaji wa moyo. Nusu yao walibanwa sukari kwa ukali tangu wakiwa juu ya meza ya upasuaji. Faida iliyotarajiwa haikuonekana. Badala yake kundi lile lililobanwa ndilo lililokuwa na viharusi 8, na jengine lilikuwa na kimoja. Na vifo vyote vinne vilitokea katika kundi lililobanwa. Mwaka 2009 ulitoka utafiti mkubwa zaidi, ulioongozwa kutoka Australia na New Zealand na kuziingiza hospitali za Kanada, wa wagonjwa 6,104, mahututi wa kila namna, si wa moyo peke yao. Waliobanwa hadi baina ya 4.5 na 6.0 walikufa 27.5 kwa mia katika siku tisini. Wale ambao sukari yao ilizuiwa isivuke milimoli 10, bila ya kushushwa zaidi, walikufa 24.9 kwa mia. Sababu moja ya kutia mashaka ilikuwa wazi: sukari ilishuka vibaya kwa wagonjwa 6.8 kwa mia katika kundi la kwanza, na kwa 0.5 tu katika la pili.

Sukari ikishuka mno ni balaa kuliko ikipanda. Ubongo hautegemei akiba. Hula sukari ya damu dakika hadi dakika. Mtu aliye macho sukari yake ikishuka hutetemeka, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, naye huomba kitu kitamu. Aliyelazwa kwa dawa za usingizi, amewekewa mpira wa kupumulia kooni, hawezi kuomba lolote. Na wagonjwa wengi wa moyo hutumia dawa za kupunguza mapigo, ambazo huuficha mtetemo na mbio za moyo, likabaki jasho peke yake kuwa shahidi. Tena insulini inapoisukuma sukari ndani ya chembe za mwili huichukua pamoja nayo madini ya potasiamu. Potasiamu ikipungua katika damu, moyo uliotoka kushonwa waweza kuanza kupiga ovyo.

Basi wataalamu wakarudi nyuma hatua moja. Katika mwaka ule ule wa 2009 chama cha wapasuaji wa kifua cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba sukari ya mgonjwa wa kisukari anayepasuliwa moyo izuiwe isizidi milimoli 10, kwa dripu ya insulini, katika upasuaji na kwa saa 24 zinazofuata kwa uchache. Leo hospitali nyingi hulenga baina ya 7.8 na 10. Sisi twaiona hadithi hii kuwa ni heshima kwa elimu ya utabibu. Si kila fani ambayo watu wake, baada ya kushangiliwa ulimwengu mzima, hukubali kuhesabu upya na kusema mbele ya watu kwamba walipita kiasi.

Kuiweka sukari katikati ya mipaka hiyo ni kazi ya muuguzi. Mpasuaji akishamaliza kushona, jina lake ndilo litakalotajwa, na picha akipigwa ni yeye atakayekaa mbele. Lakini usiku ule, kila saa, pengine kila nusu saa, ni muuguzi anayechukua tone la damu, anayesoma namba, anayeiongeza au kuipunguza dripu, na kuandika. Ni mara 24 kwa siku kwa mgonjwa mmoja. Lazima ajue kwamba tone la kidole cha mkono wa baridi, wa mtu ambaye damu yake haizunguki sawasawa, laweza kusema uongo, na kwamba damu ya mpira ulio katika ateri ndiyo ya kuaminiwa. Lazima ajue pia kwamba insulini ya mshipani hudumu dakika chache tu, hivyo dripu haiondolewi kabla ya mgonjwa kuchomwa insulini ya chini ya ngozi na kupewa muda wa saa moja au mbili ianze kazi. Vyenginevyo sukari itaruka usiku ule ule. Tunapozungumza juu ya kusomesha wataalamu wa moyo, tusiwasahau hawa. Muuguzi mmoja akipewa wagonjwa wanne wa namna hii, hakuna mwongozo utakaofuatwa, hata ukibandikwa ukutani kwa herufi za dhahabu.

Hayo ni ya hospitali inayopasua. Kwa sehemu kubwa wagonjwa wetu huyakuta Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015 katika eneo la Muhimbili, au huyakuta India. Sisi wa visiwani hatuyaamui mambo ya chumba kile. Yaliyo mikononi mwetu ni miezi ya kabla ya safari na miezi ya baada yake.

Tuanze na kabla. Kipo kipimo kiitwacho HbA1c. Chembe nyekundu ya damu huishi kiasi cha siku 120, na muda wote huo sukari hujibandika juu yake. Kadiri sukari inavyokuwa nyingi ndivyo inavyobandika zaidi. Kwa hiyo kipimo hicho husimulia habari ya miezi miwili mitatu, na mgonjwa hawezi kukidanganya kwa kukosa chai ya sukari asubuhi ya kliniki. Huko Uingereza, kwa upasuaji usio wa dharura, madaktari hushauriwa kwamba kikizidi 8.5 kwa mia sukari itengenezwe kwanza. Gharama ya kipimo hiki ni ndogo sana mbele ya gharama ya siku moja katika chumba cha mahututi, licha ya gharama ya kufungua kifua mara ya pili.

Lakini kipimo hiki nacho kina adabu zake, na hapa madaktari wetu wa pwani wana jambo la kuangalia kuliko wa Uingereza. Mtu mwenye selimundu, au aliyetoka kuongezewa damu, au mwenye upungufu wa damu wa namna fulani, chembe zake hazikai siku zile 120 kamili, na jibu laweza kuwa la chini ilhali sukari yake iko juu. Kwa watu kama hao yafaa kuandikwa vipimo vya kila siku vya wiki mbili tatu, kabla ya kula na baada ya kula, katika daftari la mkononi. Daftari la skuli latosha.

Wala hatusemi kwamba kila mwenye sukari ya juu azuiwe kusafiri. Mgonjwa ambaye mshipa mkuu wa kushoto wa moyo umeziba hawezi kuambiwa arudi nyumbani akapunguze halua kwa miezi mitatu. Huyo aende upesi, na sukari yake ishughulikiwe huko huko kwa dripu. Tunaowasema ni wale ambao tarehe yao iko mbele, wanaongoja nafasi kwa wiki nyingi, na ambao wiki hizo hupita bure. Kungoja huko kungeweza kuwa ni matibabu: dawa zirekebishwe, insulini ianzishwe kwa anayeihitaji, tumbaku iachwe, na mgonjwa afundishwe na mapema jinsi ya kujichoma sindano, asije akafundishwa siku anayotoka hospitali akiwa bado ana maumivu na nusu ya maneno hayamuingii.

Barua ya rufaa itaje pia kila dawa ya sukari anayoitumia mgonjwa. Hili si jambo la karani. Zipo dawa mpya, za jamii ya gliflozini, zinazoitoa sukari kwa njia ya mkojo, nazo zimewafaa sana wagonjwa wa moyo. Lakini zinatakiwa zisimamishwe siku tatu au nne kabla ya upasuaji, kwani zaweza kuifanya damu iwe na asidi ya hatari hata pale ambapo sukari haikupanda sana. Metformini nayo ina wakati wake wa kusimamishwa. Daktari asiyejua mgonjwa anameza nini hawezi kuyapanga haya. Na mgonjwa naye asijiamulie mwenyewe kuacha dawa kwa kuwa jirani amemwambia. Amuulize daktari wake, aandikiwe tarehe.

Sasa tumfikirie mtu wa Makangale, kaskazini kabisa ya Pemba, ambaye yote yamekwenda vizuri. Amepasuliwa, amepona vya kutosha, ameruhusiwa. Anavuka bahari kuja Unguja, anavuka tena kwenda Pemba, halafu anapanda gari hadi kijijini. Kidari chake kitahitaji wiki sita hadi kumi na mbili kishikane barabara. Katika mkoba wake mna insulini. Chupa isiyofunguliwa hutakiwa ikae katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa hudumu kiasi cha wiki nne ikiwa haikukaa katika joto linalozidi nyuzi 25 au 30, kwa kufuata maelezo ya chupa yenyewe. Je, lipo friji? Na umeme?

Waliokuwapo mwaka 2008 hawajasahau jinsi Unguja ilivyokaa gizani karibu mwezi mzima, na tena kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa kuharibika njia ya umeme utokao Tanzania Bara. Tangu hapo waya mpya zimepitishwa chini ya bahari, na hatuombi mambo yale yarudi. Lakini aliye na insulini nyumbani hawezi kuishi kwa matumaini ya waya. Wazee wetu walijua kupoza maji kwa mtungi. Chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa zaidi, mchanga wenye majimaji ukawa baina yao, mahali penye kivuli na upepo, huishusha joto chupa iliyofunguliwa, ingawa hakishiki nafasi ya friji kwa akiba. Mgonjwa na aelezwe haya kabla hajashuka botini. Chupa zake za akiba ziwekwe katika friji ya kituo cha afya kilicho karibu, naye achukue moja moja.

Hapo yatubidi tuseme na jamaa pia. Mgeni wa mgonjwa, kwa desturi yetu, haendi mikono mitupu, na hilo ni katika mambo mema tuliyorithi. Lakini angalieni kinachobebwa: soda, juisi ya paketi, halua, tende, mkate wa kumimina. Ndani ya siku tatu chumba cha mgonjwa hugeuka duka. Jeraha la kidari halijui kwamba halua ile imeletwa kwa mapenzi. Mwenye kutaka kumfaa mgonjwa amletee samaki, mayai, mboga, maji. Au ampe nauli ya kliniki. Na mwenye nyumba asione haya kumwambia mgeni hivyo. Wali hatusemi uachwe, kwani hakuna atakayetusikiliza, lakini sahani ya mgonjwa na iwe na mchuzi na mboga zaidi ya wali. Kosa jengine ni la kinyume: jamaa humnyima mgonjwa chakula kwa kuiogopa sukari, naye huku anachomwa insulini ile ile. Huyo ataanguka. Mwili unaojenga mfupa wahitaji kula.

Mwezi wa Ramadhani una hukumu yake. Aliyetoka kupasuliwa moyo, tena anatumia insulini, dini yenyewe imempa ruhusa ya kutofunga, na masheikh wetu wakilisema hili mimbarini watawaokoa watu ambao daktari peke yake hatowaokoa. Baadaye, akishapona, atake shauri wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, si usiku wa kuamkia.

Tunalorudi nalo kwa wakuu wa afya, wa Unguja na wa Pemba, ni haya. Fomu ya rufaa ya wagonjwa wa moyo iwe na nafasi ya HbA1c, au ya daftari la vipimo kwa wale ambao kipimo hicho hakiwafai, na mgonjwa asiye wa dharura asiingizwe katika orodha ya safari mpaka nafasi hiyo imejazwa. Wanaongoja wawe na siku yao katika kliniki ya sukari. Hospitali inayompasua iombwe kumrudisha na karatasi ya lugha nyepesi, kwa Kiswahili, inayosema ni insulini gani, kiasi gani, na sukari ikiwa ngapi apige mbio hospitali. Kituo cha afya cha kijijini kipewe habari kabla mgonjwa hajafika, jina la muuguzi wa kumshughulikia lijulikane, na vijiti vya kupimia sukari visikosekane. Twavitaja vijiti hivi makusudi. Mashine za kupimia mara nyingi hupatikana, hata kwa msaada. Lakini kila mashine hula vijiti vya aina yake, na vikimalizika mashine hubaki kuwa pambo la mezani. Anayeagiza mashine aagize na vijiti vya mwaka mzima, au asiagize.

Najua, watasema baadhi ya maofisa, fedha hazitoshi, na mambo ni mengi. Hatubishi. Lakini fedha za kumpeleka mtu kupasuliwa zimekwisha kutolewa. Tunalolizungumza ni sehemu ndogo ya fedha hizo, itakayoamua kama zile nyingi zilikwenda na maji.

Wizara ikiitayarisha orodha ya vituo, kisiwa kwa kisiwa, vyenye friji inayofanya kazi, vijiti vya kupimia na insulini, tutaichapisha katika ukurasa huu bila ya malipo, na tutaichapisha tena kila mwezi itakapobadilika.